Kuanzisha sarafu ya taifa jipya: mwongozo kwa vijana wa Nyanda za Juu Kusini

Vijana wa sekondari na vyuo wanaofanya zoezi la "nchi ya kubuni" kwenye midahalo hapa Mbeya na Iringa humaliza haraka katiba, bendera na wimbo wa taifa. Wakifika kwenye fedha huandika mstari mmoja: "Tutachapa noti zetu." Mwongozo huu ni wa kuujaza mstari huo. Nimeupanga kwa hatua, na mfano wangu mkubwa ni nchi yetu wenyewe, kwa sababu tulilifanya jambo hili kwa utulivu, na wengi wetu hatujui lilivyofanyika.

Kumbukeni tarehe mbili. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Shilingi ya Tanzania ilianza kutumika tarehe 14 Juni 1966. Katikati kuna miaka minne na nusu, na kuchapa noti ni sehemu ndogo tu ya kazi iliyofanyika humo. Kazi yenyewe ni kumfikisha muuza viazi wa Makete mahali ambapo atapokea karatasi asiyowahi kuiona, akabidhi gunia lake la lumbesa, na alale usingizi. Kila hatua hapa chini ipimeni kwa huyo muuza viazi.

Hatua ya 1: Amueni kama mnaitaka sasa

Nchi huru hailazimiki kuwa na fedha yake siku ya uhuru. Timor-Leste inatumia dola ya Marekani na imetengeneza sarafu zake za senti tu kwa ajili ya chenji. Kosovo inatumia euro. Sisi wenyewe, baada ya uhuru, tuliendelea na shilingi ya Afrika Mashariki iliyotolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, chombo kilichoundwa mwaka 1919, makao yake London hadi yalipohamishiwa Nairobi mwaka 1960.

Bodi ya sarafu ni mashine rahisi. Ukiileta pauni, inakupa shilingi 20. Ukirudisha shilingi 20, inakupa pauni yako. Haiwezi kuikopesha serikali, wala kuzisaidia benki zikikwama, wala kuongeza fedha msimu wa mazao ukifika kama hakuna pauni nyuma yake. Faida yake ni kwamba hakuna waziri anayeweza kuivuruga. Hasara yake ni kwamba akiba yote ya nchi inakaa kwa mwenzako, na uamuzi wa bei ya fedha yako unafanywa na watu wasiojua kama mahindi ya Mbozi yamekauka au yamemea.

Viongozi wa wakati ule walitamani kwanza kuwa na benki kuu moja ya Afrika Mashariki nzima. Mazungumzo hayakufika, na Juni 1965 ikatangazwa kwamba kila nchi itaanzisha yake. Kwa maoni yangu, kungoja kule hakukuwa udhaifu. Kuliwapa muda wa kusomesha watu na kuandika sheria, vitu ambavyo nchi zilizoharakishwa hazikuvipata.

Hatua ya 2: Sheria kwanza, noti baadaye

Bunge lenu lipitishe sheria ya benki kuu kabla hamjamwita mchora noti. Kwetu sheria ilipitishwa mwishoni mwa 1965, na Benki Kuu ya Tanzania ikafunguliwa Juni 1966 chini ya gavana wa kwanza, Edwin Mtei. Sheria hiyo iseme wazi nani peke yake ana haki ya kutoa noti na sarafu, fedha ipi ni halali kulipia deni, gavana anateuliwa na nani na anaondolewaje, na serikali inaweza kukopa kiasi gani kutoka benki hiyo.

Hilo la mwisho ndilo vijana hulisahau. Sheria yetu ya mwaka 2006 iliweka kikomo kwa sehemu: mkopo wa serikali usizidi moja ya nane ya mapato yake ya mwaka uliotangulia. Andikeni namba, msiandike "kwa kiasi kinachofaa." Serikali yenye njaa huona kila kiasi kinafaa.

Hatua ya 3: Akiba

Noti ni ahadi. Swali la mfanyabiashara wa nje ni moja: nikikurudishia ahadi yako, utanipa nini ninachoweza kununulia dizeli? Jibu lake ni akiba ya benki kuu: fedha za kigeni, dhahabu, na hati fungani za nchi nyingine. Kipimo kinachotumika sana ni miezi ya uagizaji. Kama nchi inatumia dola milioni 100 kwa mwezi kuagiza vitu nje, na ina akiba ya dola milioni 400, ina miezi minne. Jumuiya ya Afrika Mashariki imejiwekea lengo la miezi 4.5.

Nchi mpya huipata wapi akiba hiyo? Njia ya kwanza ni fungu lake kutoka chombo cha zamani. Bodi ya Sarafu ilipovunjwa, mali zake ziligawanywa kati ya nchi wanachama, na hilo lilitusaidia sana kuanza. Njia ya pili ni mali iliyofichwa au kuzuiwa. Estonia ilipotoka Umoja wa Kisovieti ilirudishiwa dhahabu iliyokuwa imeiweka nje kabla ya Vita ya Pili, na kwa dhahabu hiyo ikasimamisha kroon mwaka 1992. Njia ya tatu ni mauzo ya nje, na hapo sisi wa huku tuna la kusema. Chai ya Mufindi na Rungwe na kahawa ya Mbozi ni dola zinazoota ardhini. Dhahabu ya Chunya pia: Lupa ilikuwa na wachimbaji wengi tangu miaka ya 1930, na kuanzia Oktoba 2024 wauzaji wa dhahabu nje wanatakiwa kutenga angalau asilimia 20 kwa ajili ya soko la ndani, Benki Kuu ikiwa mnunuzi. Mchimbaji wa Makongolosi akipima gramu zake, sehemu ya dhahabu hiyo inaweza kuishia nyuma ya noti iliyo mfukoni mwako.

Kwenye zoezi lenu, msiandike "tutapata mkopo." Orodhesheni mazao yenu, kadirieni yanaingiza kiasi gani, toeni mafuta na dawa mnazoagiza, muone kinachobaki.

Hatua ya 4: Malizaneni na mliyekuwa naye

Hapa ndipo nchi nyingi zimeumia. Fedha ya zamani iliyo mikononi mwa raia wako ni deni la mtu mwingine, na mtu huyo anaweza kukataa kulilipa.

Sudan Kusini ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011 na ikatoa pauni yake tarehe 18 Julai. Tarehe 24 Sudan yenyewe, yaani serikali ya Khartoum, nayo ikatoa noti mpya. Maana yake ni kwamba zile noti za zamani ambazo Juba ilikuwa inazikusanya kwa raia zilikuwa zinageuka karatasi upande wa pili, na pande mbili hazikuwa zimekubaliana nani atazilipia. Eritrea ilitumia birr ya Ethiopia hadi Novemba 1997, ilipotoa nakfa. Ilitaka fedha hizo mbili zipokelewe sawa kwa sawa pande zote. Ethiopia ikabadilisha noti zake na kutaka biashara kubwa ya mpakani ilipwe kwa fedha za kigeni. Uhusiano ukaharibika, na Mei 1998 nchi hizo zikaingia vitani. Vita hiyo ilikuwa na sababu nyingine pia, mpaka ukiwa wa kwanza, lakini ugomvi wa fedha ulikuwa umeshawasha moto.

Jamhuri ya Czech na Slovakia walipotengana tarehe 1 Januari 1993 walikubaliana kubaki na fedha moja kwa miezi kadhaa. Watu wakaanza kuhamisha akiba zao upande walioona una nguvu, na tarehe 8 Februari wakalazimika kuachana. Hawakuwa na noti mpya tayari. Walibandika stempu juu ya noti za zamani, kila nchi na stempu yake, na zikatumika hadi noti mpya zilipofika. Ni njia ya haraka na ya bei nafuu, na ilifanya kazi kwa sababu walikuwa wameiandaa kimyakimya mapema.

Kwa hiyo mkataba wenu na nchi ya zamani ujibu haya: noti zilizokusanywa zinarudishwa wapi, zinalipiwa kwa fedha gani, nani anazihesabu, na ndani ya siku ngapi.

Hatua ya 5: Kiwango cha kubadilishia

Moja kwa moja. Kama fedha ya zamani ilikuwa na heshima, fedha mpya iwe sawa nayo, shilingi kwa shilingi. Hivyo ndivyo tulivyofanya 1966, na thamani ikawa ile ile ya shilingi 20 kwa pauni moja ya Uingereza. Mama aliyekuwa akiuza chungu kwa shilingi mbili jana, leo anauza kwa shilingi mbili. Hana hesabu ya kufanya, na tapeli hana mlango wa kuingilia.

Kama fedha ya zamani imeoza kwa mfumuko wa bei, basi punguzeni sifuri. Estonia ilibadilisha rubo 10 kwa kroon 1, kila mkazi akiruhusiwa rubo 1,500, na kroon ikafungwa kwenye mark ya Ujerumani kwa kroon 8 kwa mark 1. Majirani zetu Wazambia walipunguza sifuri tatu tarehe 1 Januari 2013, ingawa kwacha yao wenyewe ilikuwapo tangu 1968. Gawanyeni kwa 10, 100 au 1,000. Msiwape watu hesabu ya kugawanya kwa saba sokoni.

Hatua ya 6: Jina, picha na chenji

Jina msilipiganie sana. Sisi tulibaki na "shilingi", Zambia na Malawi wakachukua "kwacha", Eritrea wakatumia jina la mji wao wa mapambano, na zote zilifanya kazi.

Picha zina maana zaidi, hasa kwa asiyesoma. Sarafu zetu za 1966 zilikuwa na sura ya Mwalimu Nyerere upande mmoja, na upande wa pili senti 5 ilikuwa na samaki, senti 20 mbuni, senti 50 sungura, na shilingi moja mkono ulioshika Mwenge wa Uhuru. Mtoto aliyetumwa dukani angeweza kuambiwa "rudi na sungura" na asikosee.

Halafu kuna ukubwa wa viwango, na hapa naomba mkae. Mwaka 1966 tulianza na sarafu za senti 5, 20 na 50 na shilingi 1, na noti za shilingi 5, 10, 20 na 100. Angalieni mpangilio: kutoka senti 5 hadi shilingi 100 ni mara elfu mbili. Ndani ya viwango hivyo unaweza kununua kiberiti na unaweza kulipa mshahara. Mkikosea kwa kufanya sarafu yenu ya chini kabisa iwe na thamani kubwa mno, bei zinapanda siku hiyo hiyo. Nendeni soko la Mwanjelwa asubuhi muangalie. Fungu la mchicha linauzwa kwa bei ya sarafu inayopatikana. Sarafu ndogo ikiadimika, muuzaji harudishi chenji. Anakuongezea nyanya moja, anakupa pipi, au anapandisha bei ya fungu hadi kwenye sarafu inayofuata. Mwenye duka kubwa halioni hilo. Anayenunua mafungu mawili kwa siku analilipia kila siku. Agizeni sarafu ndogo nyingi kuliko wataalamu wanavyowaambia, na muanze kuzipeleka vijijini.

Hatua ya 7: Kuchapa

Kuna kampuni chache duniani zinazochapa noti za nchi nyingine, na nchi mpya karibu zote huagiza kwao. Zetu za kwanza zilitoka Uingereza. Tangu tangazo la Juni 1965 hadi noti kufika mikononi ni mwaka mmoja, nao ulikuwa mwendo wa haraka. Alama ya maji, uzi wa usalama, wino unaokwaruza ukigusa kwa kidole, namba za mfululizo: vyote viwemo. Guinea iliyojitoa kwa Ufaransa mwaka 1958 ilitoa faranga yake tarehe 1 Machi 1960, na ofisa wa ujasusi wa Ufaransa alikuja kukiri baadaye kwamba walizimwaga humo noti bandia ili kuiangusha. Adui wa fedha changa si lazima awe mwizi wa mtaani.

Hatua ya 8: Siku ya kubadilisha

Kwanza, msimu. Huku kwetu mvua ni moja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Januari hadi Machi wakulima wana fedha kidogo, kwa hiyo noti za kukusanya ni chache, lakini jaribu kulipeleka gari la fedha Ludewa au Ileje kwenye tope la Februari. Julai hadi Septemba barabara ni kavu, lakini mpunga wa Kyela na mahindi vimeshauzwa na kila nyumba ina bunda. Ushauri wangu ni mwanzo wa Juni: barabara zinapitika na malipo ya mazao ndiyo yanaanza. Fedha mpya iingie kijijini kama malipo ya mazao, kupitia chama cha ushirika, mezani, mbele ya mizani. Mkulima akilipwa kahawa yake kwa noti mpya na akaona duka la jirani linaipokea siku hiyo hiyo, hatahitaji mkutano wa hadhara. Tarehe 14 Juni 1966, ukiitazama kwa jicho la mkulima wa huku, ilikuwa tarehe nzuri.

Pili, fedha mbili zitembee pamoja kwa muda. Sisi tuliziacha za Bodi ziendelee kutumika sambamba na zetu zaidi ya mwaka mmoja. Zambia waliacha miezi sita, hadi 30 Juni 2013. Estonia walitumia siku tatu, lakini Estonia ni nchi ndogo yenye barabara za lami na benki kila mji. Nchi yenye vijiji vya mlimani isijaribu siku tatu.

Tatu, fikirieni fedha isiyo benki. Ipo kwenye kibubu, kwenye sanduku chini ya vitenge, kwenye mfuko wa koti la marehemu ambalo hakuna aliyeligusa. Kati ya 6 Januari na 5 Aprili 2025 Benki Kuu yetu iliondoa noti za zamani za matoleo ya 1985 hadi 2003 pamoja na noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010, na watu walizipeleka kwenye tawi la Mbeya na kwenye benki za biashara. Wakumbukeni wasioweza kusafiri. Bibi wa Bulongwa mwenye noti sita hatapanda gari hadi Njombe au Mbeya, kwa sababu nauli italamba nusu ya anachokwenda kukiokoa. Gari la benki limfuate siku ya gulio, na mtendaji wa kijiji, padri, mchungaji na shehe watangaze wiki mbili kabla. Tangazo liwe kwa Kiswahili, na lisemwe pia kwa Kikinga, Kinyakyusa, Kihehe au Kibena pale penye wazee. Liwe na mambo matatu tu: noti hizi, hadi tarehe hii, bila makato.

Nne, chagueni upande kuhusu kikomo cha kiasi ambacho mtu mmoja anaruhusiwa kubadilisha. Kikomo huzuia fedha chafu isisafishwe, lakini humwumiza mfanyabiashara wa mpunga wa Ubaruku ambaye fedha yake halali yote iko kwenye mfuko wa salfeti. Mimi ningeweka hivi: kiasi chochote kipokelewe, na juu ya kiwango fulani mtu aeleze kilikotoka na alipwe kupitia akaunti.

Wazee wetu walishaona upande mbaya wa jambo hili. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yalipoingia Tukuyu na kisha Iringa, fedha iliyokuwa ikitumika ilikuwa rupia ya Wajerumani, pamoja na noti za dharura zilizotolewa wakati wa vita. Serikali iliyozitoa ikaondoka. Aliyebeba mizigo au kuuza chakula akalipwa kwa noti zile hakuwa na ofisi ya kuzipeleka. Ndiyo maana dirisha la kubadilisha lisifungwe kabisa tarehe ya mwisho ikipita. Madukani noti ya zamani ikataliwe, lakini makao makuu ya benki kuu yaendelee kuipokea kwa miaka kadhaa.

Hatua ya 9: Mpakani

Ukitaka kujua fedha yako ina thamani gani, usimuulize waziri, nenda Tunduma. Upande mmoja shilingi, upande wa pili, Nakonde, kwacha, na katikati malori yanayongoja kuvuka. Mbadilisha fedha pale anajua bei ya asubuhi na ya jioni. Kasumulu kuelekea Malawi ni hivyo hivyo. Nchi mpya isiwafukuze watu hawa wiki ya kwanza. Iwape leseni, iwafundishe alama za usalama za noti mpya, na iwahakikishie kwamba benki kuu itanunua na kuuza kwa bei iliyotangazwa. Baada ya 1966 shilingi za Tanzania, Kenya na Uganda zilipokelewa kwa thamani sawa kati ya nchi hizo tatu, jambo lililowapa wafanyabiashara nafasi ya kuzoea.

Hatua ya 10: Mtihani wa kwanza

Utakuja mapema. Wetu ulikuja Novemba 1967, Uingereza iliposhusha thamani ya pauni. Kabla ya hapo shilingi ingeshuka nayo bila kuulizwa. Safari hii tulikuwa na benki kuu, na Tanzania ikaamua kutoshuka. Pauni moja ikawa shilingi 17.14 badala ya 20. Uwe uliuona uamuzi ule kuwa sahihi au la, ulifanywa Dar es Salaam.

Sudan Kusini nao walipata wao. Januari 2012, miezi michache tu baada ya uhuru, uzalishaji wa mafuta yaliyowapa karibu mapato yote ulisimamishwa kwa mgogoro na Khartoum. Vita ya ndani ikafuata Desemba 2013. Serikali ikaendelea kulipa bili kwa fedha ya benki kuu huku kiwango rasmi kikiwa kimefungwa karibu pauni 3 kwa dola. Desemba 2015 kilipoachiwa, kiliruka hadi zaidi ya 18 mara moja.

Kwenye zoezi lenu, mwamuzi akiwaambia "bei ya kahawa imeanguka kwa nusu, walimu hawajalipwa miezi miwili, waziri anataka mkopo wa benki kuu", rudini kwenye ile namba mliyoiandika kwenye sheria Hatua ya 2, muisome kwa sauti, kisha mseme ni matumizi gani mtakata.